Kijana haongei nyumbani? Mwambie akutegee kitendawili
Wazazi na mashangazi, kama una kijana ukimuuliza shule vipi anajibu "poa" basi yameisha, acha maswali, mwambie akutegee kitendawili cha kitu alichokiona leo, atunge mwenyewe, siyo vile vya kitabuni vya nyumba isiyo na mlango ambavyo kila mtu anajua ni yai. Anza wewe kumtoa aibu. Mfano: mwanangu nambeba mchana kutwa, usiku namnyonyesha ukutani. (Simu bana.)

Chake kikikushinda usibahatishe mpaka asubuhi, mpe mji, na hapa ndo penyewe, maana akishapewa mji lazima ajisifie kwanza, nilienda Tanga nikapokelewa hivi nikala vile, ndo atoe jibu, na kwenye hizo mbwembwe huwa wanachomeka mambo yao ya kweli, nani kamuudhi, nani kamnunia, ambayo ukimuuliza uso kwa uso hasemi ng'o. Wewe cheka tu, usianze kuhoji hapo hapo. Kama kuna kitu kimekugusa, kesho yake mtegee na wewe chako kuhusu hilo hilo, ataelewa. Umeme ukikatika ndo muda mzuri zaidi.