Somo: Kupima mikoko kwa picha za setilaiti ndogo za Planet

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: mikoko naipimaje kwa picha za Planet, ile kampuni ya setilaiti ndogo? Jibu nimeliweka hapa, atakayenifuata PM nitamrudisha huku.

1. Fungua akaunti. Mwanafunzi au mtafiti aombe mpango wa elimu kwa barua pepe ya chuo.

2. Chora eneo lako, dogo. Kupakua kuna kikomo.

3. Chukua faili yenye SR kwenye jina (picha iliyokwisha kusafishwa athari za hewa), pamoja na UDM2, faili inayoonyesha penye mawingu.

4. Piga NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) kwenye QGIS, programu ya ramani: infraredi toa nyekundu, gawa kwa jumla ya hizo mbili. Hapa msikimbie. Kwenye faili ya bendi (tabaka za rangi) 4, nyekundu ni ya 3 na infraredi ya 4. Kwenye ya bendi 8, nyekundu ni ya 6, infraredi ya 8. Ukikosea QGIS haikukatalii, inakuchorea ramani ya kijani inayopendeza na ni uongo mtupu. Halafu setilaiti hizi zina vizazi, na kila kizazi kinaona rangi kivyake. Unapoagiza picha za miaka tofauti, weka tiki kwenye kuoanisha na Sentinel-2, setilaiti za Ulaya. Bila hivyo utatangaza mikoko ya Rufiji imefyekwa, kumbe kilichobadilika ni kamera.

5. Ondoa mawingu kwa UDM2, kisha kagua kwa macho. Utando mwembamba huipita.

MASWALI

– Mkuu, naweza kumwona jirani yangu live?
Hapana. Pikseli moja ni kama mita 3, na si video.

– NDVI yangu yote ni hasi.
Hatua ya 4. Soma.

– Kwa nini wasirushe moja kubwa?
Swali zuri. Moja haiwezi kuwa kila mahali. Hizi, zenye umbo la sentimita 10 kwa 10 kwa 30, zinapangwa mstarini: dunia ikizunguka chini yake, kila moja inapiga ukanda unaofuata. Februari 2017 roketi moja ya India ilibeba 88. Kuachana angani hazitumii injini, zinageuza mabawa ili hewa kidogo ya huko juu izicheleweshe.

– Taifa-1 ya Kenya, ya 2023, nayo ni kundi?
Ni moja peke yake. Umbo ndilo linafanana.

– Nyongeza: angalieni maji. Setilaiti hupita asubuhi. Siku za bamvua saa nne maji yamekupwa, siku za maji mafu yamejaa.
Ahsante sana, hiyo naiingiza hatua ya 3. Linganisheni bamvua kwa bamvua.