Kumsindikiza Mwimbaji kwa Banjo: Mizunguko ya Vidole katika Muziki wa Bluegrass

Katika bendi ya bluegrass (muziki wa kienyeji wa Marekani wa ala za nyuzi) yenye banjo, mandolini, fidla, gitaa na besi, kila mpigaji hupewa nafasi fupi ya kupiga solo, na muda wote uliobaki huwa anawasindikiza wenzake. Hata hivyo, wanafunzi wengi wa banjo huanza kwa kukariri solo, kisha siku ya kwanza wanapokaa na mwimbaji hujikuta hawana la kupiga, au hupiga ile solo yenyewe juu ya maneno yake. Mwongozo huu unamlenga mtu aliyekwisha kuizoea banjo ya nyuzi tano kwa kiasi fulani na anayetaka kujifunza kusindikiza.

Msingi wa kazi hii ni mzunguko, yaani mpangilio wa nota nane zinazopigwa kwa vidole vitatu na kurudiwa bila kukatika. Sauti ya banjo hufa upesi, kwa sababu ngozi iliyowambwa huuchukua mtikisiko wa uzi na kuumwaga hewani mara moja, na kwa hiyo mpigaji hawezi kuushikilia mlio kama afanyavyo mpiga fidla. Mzunguko huziba pengo hilo. Upigaji wa vidole vitatu ulikuwapo magharibi mwa jimbo la North Carolina, Marekani, kabla ya mpiga banjo Earl Scruggs kujiunga mwaka 1945 na bendi ya Bill Monroe, anayeitwa baba wa bluegrass, lakini ni Scruggs aliyeusambaza na kuufanya kuwa sauti inayoutambulisha muziki huu. Ninamshauri kila mwanafunzi asikilize kanda zake na kuweka sikio pale mwimbaji anapoimba, si kwenye solo peke yake.

Hatua ya 1: Kuandaa nyuzi na mkono wa kulia

Tyuni banjo katika G: uzi wa nne uwe D, wa tatu G, wa pili B, wa kwanza D, na uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia freti ya 5 (freti ni vipande vya chuma vinavyokatiza shingo), uwe G ya juu. Vaa kucha ya plastiki kwenye kidole gumba, na kucha za chuma kwenye kidole cha shahada na cha kati, bapa la chuma likiwa upande wa ndani wa kidole, si upande wa ukucha. Egemeza kidole cha pete na cha mwisho juu ya ngozi karibu na daraja. Vikikataa vyote viwili, kimoja kinatosha mwanzoni.

Hatua ya 2: Mizunguko mitatu ya kuanzia

Nambari zinazofuata ni za nyuzi. Mzunguko wa gumba la kupishana ni 3-2-5-1-4-2-5-1: gumba hupiga nyuzi za 3, 5 na 4, shahada hupiga wa 2, na cha kati hupiga wa 1. Mzunguko wa kwenda mbele ni 3-2-1-5-2-1-5-1, na mzunguko wa kwenda na kurudi ni 3-2-1-5-1-2-3-1. Katika yote mitatu kidole kimoja hakipigi mara mbili mfululizo, na hiyo ndiyo siri ya ulaini wake.

Weka metronomu, yaani kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika na upige nota mbili kwa kila pigo, ili mzunguko mmoja ujaze mapigo manne. Nota zote nane ziwe na umbali sawa baina yake. Hapa ninasisitiza kuliko popote pengine: usiongeze mwendo hadi uweze kuupiga mzunguko mmoja kwa dakika tano nzima bila kuyumba, kisha ongeza mapigo manne tu na urudie. Msindikizaji anayekwenda polepole kwa uthabiti humsaidia mwimbaji, ilhali anayekimbia na kusitasita humvuruga hata kama vidole vyake ni vyepesi.

Hatua ya 3: Kubadili kodi bila kuukata mzunguko

Nyimbo nyingi za bluegrass zinatosheka na kodi tatu (kodi ni nota kadhaa zinazolia pamoja), na katika ufunguo wa G kodi hizo ni G, C na D7. G haihitaji kidole chochote cha mkono wa kushoto. Kwa C, bana uzi wa nne kwenye freti ya 2, wa pili kwenye freti ya 1 na wa kwanza kwenye freti ya 2. Kwa D7, bana uzi wa tatu kwenye freti ya 2 na wa pili kwenye freti ya 1.

Kosa la kawaida ni kuusimamisha mkono wa kulia ili kuusubiri wa kushoto. Dawa yake ni kuanza kuhamisha vidole vya kushoto kwenye nota ya nane ya mzunguko, kwa kuwa katika mizunguko yote mitatu nota hiyo iko kwenye uzi wa kwanza, nao ukilia wazi kwa mpito huo mfupi hausumbui sikio. Nota ya kwanza ya mzunguko unaofuata ndiyo lazima ikute kodi mpya imekwisha kubanwa.

Uchunge pia uzi wa tano. Katika kodi ya C, sauti yake ya G ni sehemu ya kodi, lakini katika kodi ya D si sehemu yake, na mwimbaji akikaa muda mrefu kwenye D mlio huo huanza kukwaruzana na sauti yake. Wakati huo tumia mzunguko wa kwenda mbele usiougusa uzi wa tano, 4-2-1-3-2-1-3-1, ambapo gumba hupiga nyuzi za 4 na 3.

Hatua ya 4: Kupunguza sauti na kujua nani yuko mbele

Mizunguko ileile ya solo hugeuka kuwa ya kusindikiza kwa namna inavyopigwa. Sogeza mkono wa kulia kutoka kwenye daraja kuelekea shingo, na utasikia ukali wa sauti ukipungua. Tia mkazo kidogo kwenye nyuzi za 3 na 4, ambazo sauti zake ni za chini, na uziguse kwa wepesi nyuzi za 1 na 5, hasa pale mwimbaji au fidla inapokuwa juu. Mimi nilichelewa sana kulielewa jambo hili. Nilidhani kusindikiza ni kupiga kilekile kwa sauti ndogo, mpaka mwimbaji mmoja aliponiambia kwamba hapati nota yake ya kuanzia kwa sababu uzi wangu wa kwanza unamlilia sikioni.

Mzunguko unafaa chini ya fidla na chini ya uimbaji wa mwendo wa kasi. Chini ya solo ya gitaa, ambalo sauti yake ni ndogo, ni afadhali kuuacha na kupiga kodi fupi zinazokatwa. Shika G juu ya shingo, uzi wa 4 kwenye freti ya 5, wa 3 kwenye freti ya 4, wa 2 kwenye freti ya 3 na wa 1 kwenye freti ya 5. Piga nyuzi kwa pamoja kwenye pigo la pili na la nne, kisha legeza vidole vya kushoto papo hapo bila kuviondoa, ili mlio ukatike. Umbo hilo likisogezwa freti tano juu huwa C, na freti mbili zaidi huwa D. Mandolini kwa kawaida hukata kodi kwenye mapigo hayohayo, kwa hiyo msikilize mwenzako kwanza. Ikiwa anafanya kazi hiyo vizuri, mwachie na urudi kwenye mzunguko wa chini.

Hatua ya 5: Kujaza pengo baina ya mistari

Mwimbaji anapovuta pumzi mwishoni mwa mstari, ndipo banjo inaporuhusiwa kusogea mbele kidogo. Katika kodi ya G, piga uzi wa 3 uliobanwa freti ya 2, gonga freti ya 3 kwa kidole kingine bila kuupiga uzi tena, kisha endelea na 2-1-5 zikiwa wazi. Rudi chini kabla ya neno la kwanza la mstari unaofuata.

Mwimbaji akitaka ufunguo wa A, funga kepo, yaani kibano cha shingoni kinachopandisha sauti ya nyuzi, kwenye freti ya 2 na uupandishe uzi wa tano hadi freti ya 7. Maumbo yote yanabaki yaleyale.

Hatimaye, mwombe mtu aimbe wimbo wa kodi tatu huku ukimsindikiza, na urekodi kwa simu iliyowekwa mbali kidogo nanyi. Sikiliza rekodi ukiandika maneno anayoimba. Kila neno lililokupotea, tafuta ulipiga uzi gani pale, na uanze mazoezi ya kesho hapo.