Kabla ya Somo la Kwanza: Kuliandaa Darasa la Taarabu la Watu Wazima

Anayepanga kuwafundisha taarabu watu wazima kwa pamoja, Unguja au kwingineko inakopendwa, kwa kawaida huanza kwa kuuliza nani amewahi kupiga ala na nani hajawahi, kisha akawagawa makundi mawili. Mgawanyo huo haumsaidii sana. Mstaafu aliyepuliza tarumbeta katika bendi ya polisi husoma nota bila kusita, lakini akiwekewa wimbo wa Bayati, mojawapo ya makamu, yaani mifumo ya sauti za muziki wa Kiarabu ambayo taarabu huitumia, hupotea njia. Naye bibi aliyelelewa miongoni mwa waimbaji, ambaye hajapata kuushika udi, ile ala ya nyuzi, humsahihisha kwa sikio tu. Ni vigumu kusema ni yupi kati yao aliye mbele. Kwa hiyo, wiki moja hivi kabla ya somo, mwalimu azungumze na kila mmoja peke yake, amwombe aimbe beti mbili za wimbo aupendao, apige makofi kufuata dumbaki, yaani ngoma ndogo ya taarabu, na aseme bila kuona haya ni kiungo gani kinachomuuma.

Hili la viungo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Fidla hudai bega la kushoto na shingo kwa muda mrefu, na udi haukaliki vizuri katika kiti chenye mikono, hivyo viti vitafutwe mapema. Mwenye vidole vizito huweza kupata nafuu kwenye ganuni, ala ya nyuzi nyingi ambayo hupigwa kwa vidole vya shahada vilivyovikwa pete zenye risha, yaani vijiti vya kukwanyulia nyuzi, bila kubana nyuzi dhidi ya ubao.

Uchaguzi wa wimbo ndio unaostahili muda mrefu zaidi, na hapa taarabu yenyewe inatubeba. Ala zote za nyimbo hufuata mkondo mmoja, kila moja ikiupamba kwa namna yake, kwa hiyo mwalimu hahitaji nyimbo tatu kwa viwango vitatu, bali wimbo mmoja uliotayarishwa kwa matabaka. Anayeanza hupewa mifupa ya wimbo, yaani sauti moja au mbili katika kila kipimo, hasa zile zinazoangukia kwenye dum, yaani pigo zito la dumbaki. Aliyezoea hupiga wimbo kamili. Na fundi huachiwa madoido na vile vipande vya ala vinavyojibu baada ya mwimbaji kumaliza mshororo. Wote huanza na kumaliza pamoja, na hakuna anayekaa pembeni akingoja zamu yake. Matabaka haya yaandikwe kabla, kila moja kwenye karatasi yake, kwa maandishi makubwa, kwa kuwa wengi waliovuka miaka 40 huhangaika na herufi ndogo. Wasiosoma nota wapewe do, re, mi kwa maneno.

Kabla ya kuuthibitisha wimbo, ni lazima kuangalia ni ala gani zitakuwapo. Katika Bayati inayoanzia re, sauti ya pili hukaa baina ya kibonye cheupe na cheusi, na Rasti, makamu nyingine, nayo ina sauti za namna hiyo katika nafasi ya tatu na ya saba. Udi na fidla huzipata, ganuni huzipata kwa vijiti vyake vidogo vya kupandishia na kushushia, lakini kodiani na kinanda cha kawaida havina pa kuzitoa. Niliwahi kuchagua wimbo wa Bayati kwa darasa lililokuwa na kinanda, na saa nzima ikaishia katika mabishano ya nani aliyekosea, hali hakuna aliyekosea. Tangu hapo, penye kinanda huanza na Nahawandi au Ajami, makamu zisizo na sauti za katikati kama hizo.

Sauti ya kuanzia nayo isichukuliwe kutoka kwenye rekodi. Sauti ya mwanamke hushuka kadiri umri unavyosonga, na wimbo ulioimbwa na msichana utawachosha kina bibi kabla ya ubeti wa pili. Mara nyingi re au sol huwafaa wapiga udi kwa sababu ya nyuzi zilizo wazi, basi ni kuzijaribu na waimbaji hao siku ile ya mazungumzo.

Ala zilinganishwe kabla ya wanafunzi kufika. Ganuni huwa na nyuzi zipatazo 78, tatu kwa kila sauti, na udi kwa kawaida nyuzi 11. Kazi hiyo ikiachwa hadi wakati wa somo, nusu saa imekwenda. Wakati wa masika ngozi za ngoma hulegea kwa unyevu, hivyo pawe na mahali pa kuzipashia moto. Feni yenye kelele izimwe pakivumilika, maana usikivu wa uzeeni hupungua kwanza katika sauti za juu, na mwenye tatizo hilo anahitaji kukaa karibu na kuuona uso wa mwalimu.

Ratiba ipangwe kwa kuzingatia swala. Baada ya Alasiri ni wakati mzuri, ila katika Ramadhani jioni hiyo ni ya jikoni.

Mwalimu aliye mdogo kwa umri ajiandae pia namna atakavyosahihisha. Kumwambia mzee mbele ya wenzake kwamba amekosea ni kumfukuza darasani kwa adabu. Ni afadhali kusema, "Maalim, tuurudie sote kutoka kiitikio," kisha kumsogelea wakati wengine wanapiga. Mpangilio wa viti humpunguzia kazi hiyo: anayeanza aketi bega kwa bega na mzoefu wa ala ileile, mahali anapoweza kuviona vidole vya mwenzake, na fundi asiwekwe mstari wa mbele peke yake.