Chaki Hasikii, Ila Nikimwita Anakuja

Miezi miwili nilimdhania mbwa wangu Chaki mkaidi. Siku moja mfuniko wa sufuria ulinidondoka nyuma yake, mbwa wengine wawili wakatimua mbio, yeye akaendelea kulamba bakuli. Ni mweupe pe, hata pua ina madoa ya waridi. Kwa mbwa wa namna hiyo, seli za rangi zikikosekana ndani ya sikio, usikivu hufa wiki chache baada ya kuzaliwa. Si kila mweupe ni kiziwi. Ukimshuku wako, piga makofi akiwa amelala, ukiwa nyuma yake, kwa mbali. Usikanyage sakafu kwa kishindo, maana mtikisiko ataupata kwa mwili, wala usisimame upepo unakotokea, atakunusa.

Wengi huanza na "kaa". Mimi nasema anza na macho, kwa sababu mbwa asiyekutazama hujamwambia kitu. Weka dagaa wakavu mfukoni, wasio na chumvi. Kaa naye uani, kimya, usimguse. Akigeuka tu kukuangalia, inua dole gumba, kisha mpe dagaa mmoja papo hapo. Dole gumba ndilo "hapo hapo, umepatia" yake, na lazima kila mara lifuatiwe na chakula. Chaki alichukua siku nne. Siku ya tano alikuwa ananikodolea macho mpaka chooni.

Baada ya hapo ishara ni rahisi. Kukaa: pitisha dagaa juu ya pua kuelekea kisogoni, makalio yatashuka yenyewe. Kuja: vuta mikono yote miwili kifuani. Kosa langu lilikuwa kutowaambia wa nyumbani. Kiganja kilichokunjuliwa kwangu kilikuwa "simama", kwa mwanangu "kaa", na mbwa akabaki anatuangalia kwa zamu. Nikazichora ishara zote kwa chaki kwenye mlango wa jiko.

Usiku natumia tochi: namulika chini mbele yake mara mbili, si machoni. Usimchezeshe na mwanga, wako mbwa wanaoanza kuukimbiza hawaachi.

Kumwamsha ndiko kunakotaka uangalifu, hasa kama kuna watoto. Akishtuliwa anaweza kung'ata kabla hajajua ni nani. Sogeza mkono karibu na pua anuse, kisha mguse bega taratibu, na dagaa afuate mara moja. Rudia kila siku hadi kuguswa usingizini kuwe habari njema kwake.

Nje ya geti haachiwi. Honi ya bodaboda haisikii, kwa hiyo tunatembea na kamba ndefu ya mita kumi. Shingoni nimemvalisha kengele ya mbuzi. Jirani aliniuliza, mama, kengele ya nini kwa kiziwi? Ya kwangu mimi, nikamwambia, nijue amejificha wapi.