Jinsi ya kuwasilisha malalamiko kwa Kansela wa Haki wa Ufini

Kabla ya kuandika chochote, angalia kama unachohitaji ni malalamiko au ni rufaa. Kansela wa Haki (oikeuskansleri) husimamia uhalali wa matendo ya Serikali, Rais, mahakama na ofisi za umma. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 108 cha Katiba. Hata hivyo, hana mamlaka ya kutengua uamuzi wa ofisi, kubadilisha hukumu wala kuamuru ulipwe fidia. Ukinyimwa kibali au malipo, soma maelekezo ya rufaa yaliyoambatishwa kwenye uamuzi wako. Muda wake mara nyingi ni siku 30, na kupeleka malalamiko kwa Kansela hakusimamishi siku hizo. Wanaosubiri jibu lake kwanza hujikuta wamepoteza rufaa.

Pili, hakikisha jambo lenyewe linamhusu. Hashughulikii ugomvi na benki, mwajiri binafsi au jirani, isipokuwa kampuni inapotekeleza kazi ya umma. Jambo lililopita miaka miwili kwa kawaida halichunguzwi bila sababu maalumu. Shauri ambalo bado liko mahakamani au mezani kwa ofisa huachwa pia, ila ucheleweshaji wenyewe unaweza kulalamikiwa. Hapo jiandae mapema: iandikie ofisi husika, uliza shauri limefikia wapi na litaisha lini, kisha tunza jibu. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Utawala (hallintolaki) kinaitaka ofisi ishughulikie mambo bila kuchelewa pasipo sababu na ijibu maswali kuhusu maendeleo yake. Ukimya wao baada ya barua yako una uzito kuliko kurasa tano za manung’uniko.

Yupo pia Mchunguzi wa Bunge (eduskunnan oikeusasiamies), mwenye mamlaka yanayokaribiana sana na ya Kansela. Tangu Oktoba 2022 wamegawana kazi upya: mambo ya jeshi, wafungwa, watoto, wazee na wenye ulemavu huelekezwa zaidi kwa Mchunguzi, wakati mifumo ya maamuzi ya kiotomatiki, manunuzi ya umma na kuzuia rushwa yako zaidi kwa Kansela. Ukikosea mlango, wao wenyewe huhamisha faili. Kuandikia ofisi zote mbili hakukuongezei nafasi, kwa sababu jambo moja halichunguzwi mara mbili.

Sasa andika. Malalamiko (kantelu) lazima yawe ya maandishi. Fomu iko kwenye tovuti ya okv.fi, lakini barua ya kawaida inatosha. Huhitaji wakili wala hulipi ada. Weka jina na anwani yako, ofisi unayoilalamikia, tarehe, namba ya shauri, kilichofanyika, na kwa nini unaona kilikiuka sheria. Hapo mwisho ndipo wengi hulegea. “Walinidharau” haimpi anayechunguza malalamiko pa kuanzia. “Uamuzi wa tarehe fulani hauna sababu, ingawa kifungu cha 45 cha Sheria ya Utawala kinataka uwe nazo” inampa. Kurasa mbili zenye mpangilio wa tarehe zinatosha. Ambatisha nakala za uamuzi na barua, nakala halisi zibaki kwako. Ukiandika kwa niaba ya mtu mwingine, weka barua yake ya idhini. Kumbuka pia kwamba malalamiko huingia kwenye kumbukumbu za umma, kwa hiyo usimwage siri zisizohitajika.

Baada ya hapo faili hupewa namba ya usajili (diaarinumero). Itaje kila unapoulizia au kuongeza hati. Pakiwa na dalili ya kosa, ofisi inayolalamikiwa huombwa maelezo, nawe unaweza kupewa nafasi ya kuyajibu. Jibu hoja zao, usirudie barua ya kwanza.

Matokeo huja kwa maandishi: hakuna kosa, au Kansela anaeleza maoni yake kuhusu utaratibu sahihi, au anatoa onyo (huomautus), na kwa makosa mazito anaweza kuamua mtumishi ashtakiwe. Uamuzi huo haukatiwi rufaa. Faili linaweza kutazamwa tena ukileta ushahidi mpya wenye uzito.