Kupima uchovu wa bega na macho kwa mtu anayefanya kazi ya kompyuta

Uchovu hupimwa kwa kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, kabla na baada ya kazi, mazingira yakiwa yaleyale. Ishara ya umeme ya msuli wa Juma haiwekwi kando ya ile ya Asha, kwani mafuta chini ya ngozi pekee yanatosha kuibadilisha.

Kabla ya lolote: kibali cha kamati ya maadili, ridhaa ya maandishi, na usimpokee mwenye historia ya kifafa. Taa inayometameta inaweza kumwangusha.

1. Elektrodi, yaani vibandiko vinavyonasa umeme wa msuli. Mshiriki ainamishe kichwa. Mfupa unaochomoza nyuma ya shingo ni pingili ya saba ya shingo. Pima kwa utepe kutoka hapo hadi ncha ya bega, weka alama katikati. Nyoa, sugua kwa spiriti, acha pakauke. Bandika elektrodi mbili kufuata mstari huo, vitovu vikiachana milimita 20, na ya rejea, ambayo ishara hulinganishwa nayo, kwenye kifundo cha mkono. Zungushia kalamu: ikibanduka na kurudishwa pembeni kidogo tu, data ya mchana hailingani tena na ya asubuhi. Tumia bega la kulia, maana la kushoto hunasa zaidi mapigo ya moyo.

2. Kurekodi. Sampuli 2000 kwa sekunde, chujio linalopitisha hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 450. Ukiona mwiba kwenye hezi 50, huo ni umeme wa ukutani. Usikimbilie kuuchuja, chomoa chaja ya laptopu, kisha kagua kama ngozi ilisafishwa vizuri.

3. Jaribio la bega. Mkono unyooshwe pembeni usawa wa bega, umeshika kilo 1, kwa sekunde 30. Tupa sekunde 2 za mwanzo na za mwisho, kata zilizobaki vipande vya sekunde 1, tafuta mediani ya masafa (hezi inayogawa nguvu ya ishara nusu kwa nusu) na ukubwa wa ishara kwa kila kipande. Msuli uliochoka hushusha mediani huku ukubwa ukipanda. Vyote viwili vionekane. Mediani ikishuka peke yake, shuku kiyoyozi: msuli uliopoa hupitisha ishara polepole hata kama haujachoka. Ukubwa ukipanda peke yake, pengine mkono umeinuliwa zaidi ya awali.

4. Jaribio la macho. Hapa tunatafuta masafa ambayo taa inayometameta huanza kuonekana imetulia. Kwa wengi ni kati ya hezi 35 na 45, na macho yakichoka hushuka kidogo. Tumia LED inayoendeshwa na saketi yake. Skrini ya hezi 60 haifai kabisa: kuwaka na kuzima kunahitaji fremu mbili, hivyo inaishia hezi 30. Macho yazoee mwanga wa chumba dakika 5. Panda kutoka hezi 25 mpaka mshiriki abonyeze kitufe kwamba imetulia, kisha shuka kutoka 60 mpaka abonyeze kwamba inametameta, hezi 1 kila sekunde. Rudia mara tatu kupanda na mara tatu kushuka, chukua wastani wa zote sita. Mwelekeo mmoja pekee hubeba ucheleweshaji wa kidole chake kwenye kitufe. Usiguse pazia wala mwangaza wa LED hadi mwisho.

5. Kazi, kisha marudio. Mshiriki afanye kazi yake ya kompyuta; ikiisha, rudia majaribio yote mawili, ukianza na bega ndani ya dakika moja, kwa kuwa msuli hupona haraka. Macho yafuate. Muulize pia uchovu wake kwa namba, 0 hadi 10, kabla hajaona matokeo yoyote.