Chura wako wa mtini amebadilika ngozi? Anza kwa kumtazama tumbo

Wanaofuga vyura wa mitini huniuliza swali hili kuliko yote: "Jana alikuwa kijani, leo kahawia, anaumwa?" Mara nyingi wala haumwi. Mgongo ndio unaoonekana upesi, na ndio unaodanganya zaidi. Maradhi hujionyesha tumboni, mapajani na katika namna anavyokaa.

Hatua ya 1: Mpige picha akiwa mzima

Mchana akiwa amelala, usiku akiwa macho, mgongo na tumbo. Tumia tochi ya mwanga mweupe ileile kila mara. Taa za rangi sizitaki kabisa. Chini yake kila ngozi huonekana mbovu.

Hatua ya 2: Rangi ya mgongo

Ndani ya seli za ngozi mna chembechembe za rangi zinazosambaa au kujikusanya kufuatana na joto, mwanga, unyevu na hofu. *Litoria caerulea*, yule mnene wa Australia, anaweza kuwa kijani asubuhi na kahawia jioni bila tatizo lolote. Pima joto kabla hujaanza kuhangaika, na upime kwa kipimajoto cha dijitali chenye waya. Vile vya mshale vinavyobandikwa kiooni hukupa joto la kioo, ilhali chura anakaa tawini. Kama joto na unyevu viko sawa na bado amekuwa mweusi siku kadhaa, tena hataki kula, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Tumbo na mapaja

Usimshike. Ngoja apande kioo mwenyewe, kisha mulika. Tumbo zuri ni jeupe au la rangi ya krimu, halina madoa mapya. Ukiona wekundu umeenea upande wa chini wa mapaja, au vidoti vya damu chini ya ngozi, huenda bakteria wameingia kwenye damu. Anayetajwa sana ni *Aeromonas hydrophila*, na hupenda maji machafu. Hiyo ni dharura. Ila linganisha na picha zako kwanza: *Agalychnis callidryas*, yule mwenye macho mekundu, ana mbavu za buluu na vidole vya rangi ya chungwa kwa asili yake.

Wekundu ukitokea mara tu baada ya kubadilisha maji au kusafisha tangi, shuku kemikali. Mhamishie kwenye chombo kingine chenye maji salama. Klorini huondoka maji yakiachwa wazi siku nzima, lakini kloramini, kemikali nyingine ya kusafishia maji ya bomba, haiondoki. Ndiyo maana natumia dawa ya kuondoa klorini kila mara, hata kwa maji yaliyolala.

Hatua ya 4: Kuvua ngozi

Hapa ndipo watu hukesha. Chura hukunja mgongo, hufumbua kinywa kama anayepiga miayo, hujipangusa kwa miguu, kisha huvuta utando mwembamba na kuumeza. Anayeona mara ya kwanza hudhani anakabwa. Mwache. Usimsaidie kuivuta, kwani ngozi ya chini yake bado ni laini. Baada ya muda mfupi anang'aa, anarudi kulala. Wengi hufanya hivi kila baada ya siku chache, kwa kawaida usiku.

Tatizo ni pale vipande vinapobaki vidoleni, ngozi inapoelea majini bila kuliwa, au anapovua tena na tena bila kupumzika. Anza na unyevu: nyunyizia maji salama, weka bakuli pana la maji ya kina kifupi. Akivua vizuri mara inayofuata, yameisha.

Hali ikiendelea, fikiria kuvu wa *Batrachochytrium dendrobatidis*, aliyepewa jina na wanasayansi mwaka 1999. Chura hunywa maji na kusawazisha chumvi za mwili kupitia ngozi. Kuvu huyu akiiharibu, sodiamu na potasiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo anayeonekana mchovu tu leo anaweza kufa upesi. Angalia kama anakaa wazi mchana, miguu imetandazika, au anashindwa kujigeuza akianguka chali. Wekundu wa tumbo huweza kuwapo hapa pia, hivyo usijipe jibu kwa macho. Daktari hupangusa ngozi kwa pamba maalumu na kuagiza kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kuvu huyo.

Tiba inayotumika sana ni kumwogesha katika itrakonazoli, dawa ya kuua kuvu, iliyozimuliwa kwa kipimo cha daktari. Krimu za fangasi za binadamu usiziguse. Kuna wanaopandisha joto la tangi kwa sababu kuvu huyu hustawi zaidi kati ya nyuzi 17 na 25 za selsiasi. Mimi sikushauri kubahatisha, kwani spishi nyingine huumizwa na joto kabla kuvu hajaumia. Maji ya tangi hilo yatie dawa ya klorini kabla ya kuyamwaga, na kamwe yasiende mtoni wala mtaroni.

Hatua ya 5: Mengineyo

Pua iliyochubuka hutokana na kujigonga kiooni. Funika sehemu ya chini ya kioo kwa karatasi. Akivimba ghafla mwili mzima, ni daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Mtenge, mpeleke

Chombo cha plastiki chenye matundu, chini karatasi nyeupe ya jikoni iliyoloweshwa. Udongo haufai hapa, huficha kinyesi na ngozi. Vaa glavu zisizo na poda, zilowanishe kwanza. Piga simu uulize kama daktari anatibu amfibia, maana wengi wamezoea mbwa na ng'ombe. Beba picha zako na vipimo vya joto.

Akifa njiani, mweke kwenye friji, usimgandishe: barafu huharibu tishu ambazo daktari angezichunguza, na tiba ya wenzake waliobaki tangini inategemea majibu hayo.